Taa ya Kinanda

Werugha, Agosti 1996

Mama Crispus,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mwalimu. Mimi sijambo kabisa. Viazi vimekubali. Ng'ombe ndiye mkaidi, hataki kukamuliwa na mimi.

Sasa sikia. Kinanda cha kanisa nimekitengeneza. Fundi wa Voi alitazama kile kioo cha namba kilichozimika, akasema, "Mzee, hiki kimekufa, tupa." Nikamwambia, "Kijana, mimi nilifungua redio mamako hajaolewa!" Nikatoa kijitaa kwenye dashibodi ya lori bovu, nikakitia nyuma ya kioo pamoja na karatasi nyeupe ili mwanga uenee. Kinawaka! Namba za sauti zote nazisoma.

Kwa hivyo waambie watu wa kwenu kwamba siku ya mazishi ya mama yako sikuwa nimelewa. Nilipokuwa nawapigia kinanda hiki chini ya turubai, kioo kilikuwa giza. Nilitaka sauti ya maombolezo, nikabonyeza namba ya ngoma za disko. Nani hangekosea? Na wewe ukafunga sanduku, ukabaki kwa kaka yako, kwa sababu ya ngoma za dakika moja!

Siombi msamaha. Nasema urudi. Usiporudi, nitakuja Rukanga na kinanda begani na betri ya gari mkononi, nikae kando ya kaburi la mama yako, nimpigie wimbo wake wote, mwanzo hadi mwisho, na kaka yako anifukuze kama anaweza.

Ni mimi mumeo, fundi,
Mwakio