Duka la Dawa Limefungwa

Baba Watoto,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto. Ndoo zijazwe maji.

Asubuhi nilikuomba mhusika mwenye mabawa kwenye mchezo wetu wa mezani unaouongoza wewe, ukasema kitabu cha kanuni hakiruhusu. Nikaomba mchawi, ukasema atawazidi wenzake nguvu. Mdogo wako akaomba joka linalotema moto, ukamkubalia huku unacheka. Kumbe ningezaliwa nawe tumbo moja, na mimi ningeruka. ~~Sichezi tena.~~

Nacheza. Nimechagua muuza dawa, yule wa ukurasa wa mwisho asiyetakiwa na mtu. Kitabu kinamruhusu, nimekisoma mara mbili. Dawa za majeraha anazo yeye peke yake, na vita vyenu ni leo jioni. Duka litafunguliwa vyombo vikishaoshwa. Joka nalo lioshe.

Mama Watoto