Jiwe la Kilo Kumi

Mjukuu wangu mpima bahari,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili na matajiri watatu wa ghala, na mizani saba zimechakaa mkononi mwangu.

Barua yako nimeisoma siku tatu, herufi zenyewe kama sisimizi. Eti chini ya milima ya baharini mwamba wa moto unapanda polepole, na kwa kuwa ni mwepesi, mvuto wa dunia hapo unapungua kidogo. Nilicheka sana.

Sasa sielewi. Mizani ya zahanati inasema nimepungua kilo kumi na moja tangu uondoke. Nikamwambia muuguzi, "Binti, chini ya chumba hiki kuna mwamba wa moto."

"Babu, huo moto utakuwa tumboni mwako. Nenda hospitali kubwa."

Mimi wa kufundishwa mizani? Kesho yake nikapeleka jiwe langu la kupimia la ghalani, nikaliweka juu ya mizani ileile. Kilo kumi kamili! Mvuto gani huo unaompunguza mtu na kuliacha jiwe? Njoo unieleze kwa mdomo, upesi.

Ukidhani natia chumvi, muulize fundi viatu. Mkanda wangu ameutoboa matundu matatu.

Babu yako,
Mzee Mizani