Sahani ya Baba Chini ya Chungu cha Maua

Forest, Brussels
10 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Zaituni,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umepungua, au bado unaufunga kitambaa na kusema umepona? Nakujua. Na wajukuu, na majirani wa Buyenzi, wote wazima? Sisi huku alhamdulillah, ila baridi imeshaingia. Mume wangu Hamissi, tangu kiwanda chao cha magari kifungwe, anashinda nyumbani ananipangia sufuria zangu kama mkubwa wa ghala. Anakusalimu sana.

Bon, habari ya Jamila unaijua, maana nimekupigia simu mara ngapi? Lakini acha niiandike, kwenye karatasi ina uzito wake. Mwanangu sasa ni docteur. Si wa sindano. Ni wa mambo ya Waislamu wa kale, wale wa Damasko na Kairo na Baghdad miaka mia nane iliyopita: walivyokula, walivyosoma, walivyooga, walivyotibiana. Wazungu wenye mvi wanamfuata kwenye makumbusho kama vifaranga, na yeye anawaonyesha kwa kidole. Mtoto wa mimi niliyeishia la sita! Nimemtaja kwa muuza samaki wa Chaussée de Wavre, kwa daktari wa meno, hata kwa mama niliyekaa naye kwenye tramu kituo kimoja tu. Wanasema kizuri chajiuza. Hiki mimi nilikitembeza mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ukanihurumia, nami sistahili. Dada, nimemkana baba.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Jamila alikuwa anatembeza wageni kwenye makumbusho, nami nikamchukua Nadia, jirani yangu Mmoroko, pamoja na dada zake wawili. Wewe hujui mambo ya huku. Sisi weusi tukisema ni Waislamu, wengine hututazama kama tumeiazima dini wiki iliyopita na Jumatatu tutairudisha. Nikasema, leo wataona. Nikavaa kile kitenge changu cha Idi na hereni zote.

Tukafika kwenye bakuli moja dogo la shaba, la kutoka Shamu. Limeandikwa aya ndani na nje, hakuna pa kuweka kidole. Jamila akaeleza kwamba watu wa zama zile walitia maji humo, mgonjwa akanywa. Na magonjwa yenyewe yameorodheshwa ukingoni: nge, nyoka, mbwa mwenye kichaa, homa, mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Na mgonjwa akiwa mbali, imeandikwa pia, wakili wake anakunywa kwa niaba yake. Mimi moyoni nacheka. Hili si kombe hili, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa? Hii si kazi ya baba na sahani yake?

Kumbe Jamila naye aliwaza hilo hilo. Akageuka, uso umemng'aa, akaninyooshea mkono mbele ya watu wote. "Maman, waambie. Babu aliniandikia kombe, si ndiyo?"

Nikamwona Nadia ananitazama. Macho tu, hakuna zaidi. Nami nikajibu kwa sauti, kwa Kifaransa changu chote: "Hapana. Kwetu hatufanyi hayo. Hayo ni ya watu wasiosoma."

Baba yetu! Maalimu Abdul-Aziz, aliyefundisha nusu ya Buyenzi alifu na bee, ndiye asiyesoma. Na mimi wa la sita ndiye msomi.

Jamila akashusha mkono polepole, akawapeleka watu kwenye vigae. Akaendelea vizuri, hakukwama hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana huo uso mkavu ameurithi kwangu.

Ngoja sasa usikie ya kwenye tramu. Nadia akaniambia taratibu, bila ubaya, kwamba bibi yake kule kwao Nador aliwanywesha vivyo hivyo, kwa zafarani, kwenye bakuli jeupe. "Nilikuwa nakungoja wewe useme ndiyo," akasema, "ili na mimi niseme." Dada, nilitazama dirishani mpaka nikapitiliza kituo chetu.

Na ile sahani unaikumbuka? Nyeupe ya bati, ukingo wa buluu, rangi imebanduka upande mmoja. Wewe mwenyewe uliifunga kwenye khanga nilipokimbia vita mwaka wa tisini na sita, ukasema hata ukiacha viatu, hii usiiache. Nilipofika nyumbani nikaitafuta. Ilikuwa barazani juu, chini ya chungu cha maua, inakinga maji. Miaka saba! Niliiweka kwa mkono wangu huu. Nikaisugua kwa ndimu na chumvi, mlango nimefunga, Hamissi asinione ninavyolilia sahani.

Wiki zote zile Jamila alinipigia simu kama kawaida, maman umekula, maman umelala. Lakini kazi yake hakuitaja tena. Nami nikakosa cha kujisifia.

Alors, jana nikaenda peke yangu. Nikakata tiketi kama mgeni, sahani ndani ya mfuko wa sokoni, nikasimama nyuma ya watu. Akaniona, akaendelea. Alipofika kwenye bakuli akaeleza nge, akaeleza nyoka na homa, akataka kupita. Nikanyoosha kidole kama darasani.

"Ndiyo, Madame?"

Madame! Nilistahili.

Nikaitoa sahani. Nikasema baba yangu alikuwa maalimu, na aliandika kwenye hii kwa kijiti na zafarani. Nikasema aliyekunywa alikuwa mtoto wa miaka minne mwenye degedege, na mtoto huyo ndiye docteur anayewaongoza. Hospitali nako walimpiga sindano, sikuficha. Kipi kilitangulia kufika kwa Mungu, mimi sijui. Nikasema mwezi uliopita nilisema uongo papa hapa.

Mzee mmoja Mbelgiji akauliza, aliandika aya gani? Nikakwama. Mimi nilishika mtoto, wewe ulishika wino. Sikuwahi kuuliza hata siku moja. Akauliza, basi ladha yake ilikuwaje? Hilo nalo sijui, sikunywa mimi.

"Marashi ya waridi," Jamila akasema. "Na chuma kidogo, pale rangi ilipobanduka."

Akaipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba pale pale kwenye ukingo. Hakuniita Madame tena.

Sasa nakuomba mawili. Niandikie aya alizotumia baba, kwa mkono wako. Jamila anazitaka, nami nazitaka kuliko yeye. La pili, mguu ukikuruhusu, nenda kaburini kwake. Mimi niko mbali, na lile bakuli limesema mgonjwa wa mbali ana wakili. Basi uwe wakili wangu. Mwambie Asiya amesema ndiyo, ila amechelewa.

Nisalimie Ilyas na mkewe, na Mama Saluma wa mkaa, na kila anayeniuliza. Mungu akunyooshee mguu na siku zako zote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, haya bado ziko usoni,

Asiya, Mama Jamila

Chungu cha maua nimekitafutia kisahani cha plastiki.