Shangazi Aliyeleta Kanisa Nyumbani

Jumanne, 4 Machi
Shangazi ametutoka. Asubuhi, wodini, namfunga kilemba chake maana hakutaka daktari amkute kichwa wazi. Akaniambia nakaza mno. Basi, hayo ndiyo yake ya mwisho. Si "Bwana nipokee", si nini — nakaza mno!

Dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Mzee wa kanisa, na mtaa mzima mzee wao. Mke na mume wakigombana, Shangazi huyo, anakaa katikati yao kwenye kochi, anaomba chai. Haondoki. Watu walipatana ili tu wapate kulala!

Nimelia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Jumatano, 5 Machi
Kikao cha familia. Sebule imejaa, wengine kwenye kizingiti. Nani atamsemea Shangazi kanisani Jumamosi, kabla ya kumzika? Nikasimama: binti yangu. Nani mwingine? Anaendesha roli la mizigo, wanaume wanampisha! Na kusema anajua, hiyo kaichukua kwangu.

Yule mzee wa kanisa mwenye kikohozi akasema polepole, lakini dada, binti yako bado hajarudishwa kundini.

Nikaketi.

Ni kweli. Alipopata mimba bila ndoa walimtenga. Wazee walipiga kura Jumapili baada ya ibada, na Shangazi ndiye wa kwanza kuinua mkono. Wa kwanza! Jumapili hiyohiyo mchana, huyo mlangoni kwangu, bado na sare ya kina mama. Nikamuuliza kwa ukali, umefuata nini? Akasema kule nilikuwa mzee wa kanisa, hapa ni bibi yake, lete nguo chafu. Akafua mpaka mashuka.

Akawa anakuja kila Jumapili. Ibada ikiisha, mkoba anautupa kwenye kochi, mtoto anambeba, halafu anamhubiria binti yangu mahubiri yote upya. "Leo Mchungaji kapotea njia, ngoja nikuonyeshe alikotaka kufika." Binti anacheka mpaka machozi. Lakini kurudi kanisani, ng'o. Maana kurudi ni kusimama mbele ya watu na kutubu. Nitubu nini, Mama — huyu? Na mtoto kamlalia mapajani.

Alhamisi, 6 Machi
Binti yangu kafika! Kaegesha roli, mtaa wote umezibwa, na mimi sikumwambia aliondoe upesi. Waone.

Jioni kaja Mchungaji. Kijana mpole, sina neno naye. Anasema nafasi atampa, ila aanze na neno la toba. Fupi tu, Mama, hata dakika haifiki. Binti akamwambia, Mchungaji, mwanangu atakuwa amekaa mbele ananisikiliza, na siku hizi anaelewa. Mchungaji akatazama chini. Akasema utaratibu si wangu.

"Basi nitasemea nje."

Si kwa hasira. Kama mtu anayechagua pa kuegesha gari.

Ijumaa, 7 Machi
Nimembembeleza. Mwanangu, dakika moja tu, nimeshawaambia watu wote! Akaniuliza, Mama, unataka nimsemee Bibi au unataka nipigiwe makofi? Nataka vyote viwili.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika humu humu kanisani, daftari nimelificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Shangazi yuko mbele yangu, maua mpaka jeneza halionekani. Watu wamebanana hadi ukutani.

Katibu kasoma habari zake. Kuzaliwa, kubatizwa, kamati alizokaa. Yote kweli, na Shangazi mwenyewe hayumo. Sasa Mchungaji kasema tufumbe macho tuombe.

Sauti inaingia dirishani. Binti yangu! Yuko uwanjani, mtoto kamshika mkono, kipaza sauti hana wala hakihitaji, kazoea kushindana na injini. Anasimulia Bibi alivyopanda roli akiwa na sare, akaimba njia nzima. Askari wa barabarani alipowasimamisha, Bibi akatoa kichwa: mkague vizuri, kijana, ukimaliza umsalimie kwa heshima, huyo ni mjukuu wangu! Humu ndani mtu kacheka. Na wa pili.

Anasema, mimi sikurudi kundini. Kundi lilinifuata nyumbani kila Jumapili, limebeba mkoba.

Ee Mungu wangu. Huyo nimemzaa mimi!

Mchungaji bado anaomba, kapandisha sauti. Na binti naye kapandisha. Kina mama wa sare wanachomoka mmoja mmoja, kama wanaokwenda msalani. Mzee wa kikohozi naye kasimama, anakohoa — sijui anatoka kukohoa au anatoka kweli. Benchi langu limebaki tupu.

Mimi ndiye mfiwa mkuu, hapa mbele kabisa. Nikitoka, Shangazi namwacha na nani? Nikikaa, mwanangu anasimama kule bila mama. Na Mchungaji akifumbua macho sasa hivi wa kwanza kumwona ni mimi.

Viatu hivi vipya vinalia mno kwenye sakafu. Kimoja nimeshakivua.