Mama Mkwe na Jiwe Langu

Kitale, Jumamosi, 13 Agosti 1955

Eti nani atanilipa kwa kusomea mawe! Nimerudi kutoka Sirisia, kwa akina Nasimiyu, mchumba wangu, na magoti bado yanauma.

Nilimweleza baba yake kwamba nikifika chuoni Kampala nitachagua jiolojia, kwa sababu serikali inatafuta watu wa kupima miamba, maji na madini. Mzee akacheka hadi akakohoa.

"Mawe si iko hapa tu, bure! Soma ualimu, bana. Msichana wangu hawezi kula kokoto."

Nikaona uchumba wangu unaota mbawa. Akanipeleka shambani nijionee hayo mawe, kisha akakimbilia ndama aliyeingia kwenye mahindi. Nikabaki peke yangu. Mara mama yake Nasimiyu akatokea njiani, na kwetu mtu hatazamani na mama mkwe. Kichaka hakuna! Nikapiga magoti, nikainamia jiwe lililokuwa mbele yangu, pua karibu iguse.

Naye akakutana na jirani, wakaanza habari za kanisa. Wakaimaliza kwaya yote. Mimi nageuza jiwe, nanusa, nakwaruza kwa ukucha. Hata walipoondoka niliogopa kuinua kichwa.

Mzee akanikuta hivyo.

"Kumbe hii ni kazi kweli," akasema polepole. "Umeona nini hapo?"

"Lina historia ndefu, mzee."

"Basi nenda Kampala, mwanangu."

Nasimiyu ni wangu! Lakini lile halikuwa jiwe. Yalikuwa mavi ya ng'ombe, makavu.