Tuta la Nyumbani

Wazo, Jumapili

Dada yangu Genoveva,

Shikamoo. Natumaini mko wazima hapo Temeke, wewe, shemeji, na Blessing pamoja na huyo mgeni anayempiga mateke tumboni. Sie huku hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, ambao tangu nipunguzwe kazi ya ukarani na kushika jembe umekuwa ukinisema vibaya kila asubuhi.

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia ukoo mzima, kuanzia Bukoba hadi Temeke, kwamba mdogo wenu Revelian amehitimu mafunzo ya kilimo bora cha mboga. Nimepewa na kofia. Ni ndogo, inakaa kichwani kama kifuniko cha birika, lakini leo nimeivaa hadi mlangoni mwa kanisa, na mke wangu Auleria akaenda kukaa benchi la nyuma ajifanye hanijui.

Najua una swali. Ijumaa nilikupigia simu nahema kama nimekimbizwa na mbwa, nikakuambia mlitupe lile furushi la mchicha nililomletea Blessing, lote, msiwape hata kuku. Ulipouliza kuna nini, nikasema lina konokono. Ukacheka, ukasema konokono wanaoshwa, tangu lini nimekuwa mtoto wa mjini. Nikakata simu. Hakukuwa na konokono, dada.

Mwalimu wetu alikuwa bibi shamba mmoja kijana, Samiha, mpole, ila maswali yake yanachoma. Alitufundisha kupanda kwa nafasi, kumwagilia shinani, na zaidi ya yote kungoja: ukishapulizia dawa ya wadudu, usichume mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Mie chupa nilikuwa naisoma, sikatai, ila upande wenye picha ya mdudu aliyekufa.

Ijumaa hiyo, siku ya mwisho, akataka kila mtu alete fungu la mboga kutoka shambani kwake, tupike pamoja, tule na ugali. Nikachuma kwenye tuta langu refu, nililolipulizia Jumatano. Majani mapana, hayana tundu hata moja. Kina mama wakakaa mkekani kuchambua. Kila fungu likaingia kwenye beseni, langu likawekwa pembeni peke yake. Nikajua tu, hilo ni la kupigwa picha. Nikakohoa kidogo, nikafunga kifungo cha shati.

Samiha akauliza mbona lile limeachwa. Ndipo Lusungu, jirani yangu wa shamba, yule mcheshi aliyenifundisha kushika bomba la dawa, akasema, "Hilo la tuta la sokoni, sista. Sie tumekuletea la nyumbani. Ulitaka tukuue?" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mie nikauliza tuta la nyumbani ndiyo lipi.

Lusungu akanitazama kama nimeuliza mlango wa chumba changu uko wapi. Akasema, braza, kila mtu hapa bondeni ana katuta kadogo karibu na kisima, hakapuliziwi kitu, kana matundu matundu, ndiko anakochuma mboga ya watoto wake. Haya makubwa ni ya kuuza. Sasa nyie siku zote mnakulaga nini?

Dada, nikakaa juu ya ndoo. Katuta kake nilikuwa nakaona kila siku, nikimtania kwamba anafuga panzi. Nikamfikiria Auleria wangu. Nikamfikiria Blessing, kliniki wamemwambia damu ni kidogo, ale mboga za majani kwa wingi, na mie anko mwema kila wiki namchagulia yale yanayong'aa kuliko yote. Nikamgeukia Lusungu, mbona hukuniambia, na wewe ndiye unayenisaidia kuyafunga hayo mafurushi? Akasema alijua yanakwenda sokoni. Haikumjia akilini kwamba mtu anaweza kumlisha mwanawe mjamzito mboga ya tuta lile.

Nilifoka. Niliwaita watu wabaya, niliwaita majina ambayo padri asiyasikie. Samiha akangoja nimalize, halafu akatuuliza wote, taratibu, "Na wanaonunua?" Akauliza nani kuanzia leo atangoja siku zake zitimie. Tukanyoosha mikono. Wangu ulikuwa wa kwanza, na mrefu kuliko yote. Kofia ndiyo ilitokea hapo.

Sasa naandika kile kilichonishinda kutamka. Leo baada ya misa nilikupigia, ukapokea, nikaishia kuulizia mvua.

Jana asubuhi alikuja Rosalia, mama anayenunua kwetu mboga tuta zima na kuchuma mwenyewe. Akasimama kwenye tuta lile lile. Akasema, "Mzee Reve, leo umenitendea haki, majani kama ya kuchorwa!" Siku za kungoja zilikuwa hazijaisha, na maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikawaza akiondoka na beseni tupu hatarudi tena kwangu. Nikamwambia achume. Nikamsaidia kufunga mafungu. Nikamwinulia beseni kichwani kwa mikono yangu.

Jioni moyo ulinisumbua, nikampigia nikamwomba asiuze, arudishe. Akacheka sana. Akasema mzee umechelewa, mchicha wako umegombewa, adhuhuri haukubaki hata unyasi.

Rosalia anauza soko la hapo kwenu, dada. Barua hii anakuletea Fransis wa bodaboda, nimemwambia asikae hata kunywa chai. Nilikuambia mtupe furushi langu, na Blessing lazima ale mboga. Jana mlinunua wapi?

Msalimie shemeji, na mshike Blessing tumbo kwa niaba yangu, kama atakubali.

Ni mie mdogo wako,
Revelian