Uzio wa Mikoko

Kaole, Bagamoyo
12 Agosti

Kaka yangu Leodgar,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mwili umechoka. Goti la mama linaendeleaje? Shemeji amejifungua salama? Nimeandika kwa sababu simu yako huipokei ila kwa spika, nyumba nzima ikisikia, na haya nataka uyasome kwanza peke yako.

Ile kazi ya kupanda mikoko niliyokusifia ni upuuzi. Wageni wakija kupiga picha, msimamizi wetu huwapeleka kwenye mchanga karibu na barabara, na hapo ndipo tunapopanda. Zuwena, mama anayeokota kaa hapa tangu utotoni, alitwambia mkoko unataka tope. Msimamizi akamwambia arudi kwa kaa wake. Naye akamuuliza mbele yetu, “Kwa hiyo mnapanda hapa ili wageni wasichafue viatu?” Tukacheka. Miche yote ilikauka. Tukaing'oa, tukapanda mingine palepale, wakaja wageni wengine.

Safari hii mbuzi wakala miche, msimamizi akaagiza uzio. Unajua tuliujenga kwa miti gani? Kwa mikoko mizima ya kule ndani topeni! Siku mbili tulikata miti hai ili kulinda vijiti vinavyokufa. Pale Zuwena alipokuwa akiokota kaa sasa ni visiki na tope linalonuka.

Maofisa wa misitu walipoviona visiki, msimamizi alisema ni wanakijiji. Uzio tulikuwa tumeshaupaka rangi nyeupe, wakausifu. Kisha wakamkuta Mwishehe, mume wa Zuwena, ana boriti za mikoko alizobomoa kwenye banda lake la zamani.

Waliuliza nani alimwona akikata. Msimamizi akanitazama. Kaka, nikasema nilimwona mimi, kwa macho yangu. Niliogopa kufukuzwa. Nilisema hivyo na viganja vyangu bado vyekundu kwa maji ya magome ya mikoko, na hakuna aliyevitazama.

Mwishehe yuko mahabusu wiki ya tatu. Zuwena hajui ni nani aliyesema. Jana aliniomba nimsindikize kumpelekea mumewe chakula, eti mimi wa bara najua kuzungumza na maofisa. Kesho nitakwenda naye, na nitasema kila kitu akiwepo anasikia.

Krismasi msinitegemee. Mama akiuliza, usimwambie naumwa kama tulivyozoea kumficha mambo. Mwambie nimemsingizia mtu.

Wasalimie shemeji na watoto, na yeyote atakayeniulizia.

Mdogo wako,
Ferdinandi